Sikio la Mzee Bukuru na Viatu Vinavyolia

Kijana mmoja wa hapa Nsemulwa alinifuata juzi barazani kwangu, viatu vipya vya ngozi mkononi, mwenyewe yuko pekupeku, soksi kazitia mfukoni. Akaniambia, "Shikamoo bibi. Hivi vitu vinaniaibisha. Nikipiga hatua tu, nyii, nyii, ofisi nzima inageuka. Nimeangalia kwenye simu wanasema niweke poda, nimeweka. Wanasema niweke mafuta, nimeweka. Sasa niweke nini?"

Nikamwambia avivae, atembee mpaka kwenye mpapai wa jirani, kisha arudi. Alinitazama kama nimeanza kuchanganyikiwa. Yeye alitaka dawa, mimi nampa mazoezi! Akaenda, akarudi. Sikuweka kitu chochote. Nilichomoa tu kipande cha karatasi ngumu ambacho wauzaji huweka ndani ili kiatu kisipoteze umbo, kikawa kimesukumwa mbele na vidole mpaka kikajikunja. Kelele ikaisha hapo hapo. Akacheka mpaka akakaa chini, na mimi nikamcheka zaidi.

Basi nimeona niwaandikie nyie vijana mnaoanza kushona na kutengeneza viatu hapa Mpanda. Nyie ni wajanja kuliko tulivyokuwa sisi, nawaona na mashine zenu na gundi zinazoshika kabla mtu hajamaliza kupiga chafya, na ninawapenda. Lakini hilo swali la "niweke nini" linanikera. Nimelisikia miaka yote ya kazi yangu, na aliyenifundisha kulikataa ni Mzee Bukuru.

Mzee Bukuru alikuwa fundi viatu sokoni, mtu wa asili ya Burundi, mrefu, mwembamba, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni hata jua liwe kali namna gani. Mimi wakati huo nilikuwa nauza uji, meza yangu imepakana na kibanda chake. Uji ukiisha nilikuwa nakaa namwangalia. Siku moja akanipa kiatu nimshikie wakati anavuta uzi, na naweza kusema sijakirudisha mpaka leo.

Watu walikuja kuchungulia. Mwanamke anashona viatu! Walinyoosha shingo kana kwamba pale kibandani kumezaliwa ndama mwenye vichwa viwili. Mteja mmoja alikataa kabisa nisiguse raba yake. Mzee Bukuru hakugombana naye. Alimuuliza tu, "Huyu mama ni Mpimbwe, anasuka vikapu tangu utoto. Wewe umesuka nini?" Yule bwana akaangalia mikono yake, akaniachia raba.

Sasa nisikilizeni. Pembeni mwa kile kibanda kulikuwa na ubao mrefu wa mninga, umelazwa chini, umeng'aa kwa kukanyagwa. Mteja akija na kiatu chenye kelele, Mzee Bukuru hakukishika. Alimwambia akivae na kupita juu ya ule ubao. "Genda," alisema, kwa Kirundi chake, yaani nenda. Yeye anafumba macho. Mteja akifika mwisho, "Garuka," yaani rudi. Genda, garuka, genda, garuka, mpaka wapita njia wanasimama na kupiga makofi wakidhani ni maonyesho ya mavazi. Wengine waliona haya, wengine walianza kujishaua na kutikisa mabega. Yeye hafumbui. Kisha anasema, "Vua," anachukua kiatu, anagusa mahali pamoja kwa ukucha. "Hapa."

Tunafungua, tunakuta ni pale pale. Nilikuwa sichoki kushangaa. Mimi nilikuwa nasikia nyii, yeye alikuwa anasikia habari nzima. Nilimuuliza sikio hilo alilipata wapi. Akaniambia amekulia nyumba yenye mlango unaolia, na mama mwenye usingizi mwepesi. Alipotaka kutoroka kwenda kucheza ilibidi ajue mlango unalia bawaba ipi, na ukiuinua kidogo unanyamaza wapi. "Mama yangu ndiye chuo changu," akasema, "na kiboko chake ndicho cheti."

Alikuwa na jambo lake kuhusu neno kulia. Sisi wote tunasema kiatu kinalia na tunapita tu. Mzee Bukuru alilichukua neno hilo kama lilivyo. "Mwananje," alikuwa akiniambia, yaani mwanangu, "anayelia ameonewa. Usimzibe mdomo. Tafuta nani anaonewa humo ndani." Mara ya kwanza nilidhani anatania. Baadaye nikaona ndiyo kazi yenyewe ilivyo. Ndani ya kiatu kuna vitu vingi vimebanwa pamoja, na kelele inatoka pale kimoja kinapomsugua mwenzake bila kupumzika.

Kwa hiyo mlio wenyewe unakwambia. Ukisikia pale kisigino kinapogusa chini, msumari umelegea au kisigino kimeachia, kigongee na ukigundishe. Ukisikia katikati ya hatua, mguu unapokunjwa, soli ya ndani inasuguana na ya chini yake. Hapo ndipo poda inapofaa: inua soli ya ndani, nyunyiza kidogo chini yake, irudishe. Ukisikia mguu unaponyanyuka, sauti kama ya mtu anayefyonza embe, ujue soli imeachia na upepo au maji yameingia. Hapo hata umwage kopo zima la poda unajisumbua. Safisha, kausha, tia gundi, kandamiza na jiwe mpaka kesho yake. Na kikilia juu, kwenye ulimi au pale ngozi inapojikunja, paka nta. Sisi wa Katavi hatuna sababu ya kulalamika kuhusu nta. Warina asali wanatuletea nta nzuri ya nyuki, ya njano, inanukia mpaka unatamani kuitafuna.

Kiatu kilicholowa usikisogeze jikoni. Moto unakausha ngozi mpaka inakakamaa, na ngozi iliyokakamaa hulia milele. Jaza pumba kavu za mpunga kwenye kitambaa, zitie ndani, ziache zinywe maji taratibu kivulini.

Hiyo ya poda nimeisema kwa kujiamini kwa sababu imenikuta. Nilipokuwa bado mbichi, alikuja mzee wa kanisa mmoja, kiatu kinalia anapopitisha kapu la sadaka, waumini wanashindwa kusali. Mzee Bukuru hakuwepo. Nikasema, leo na mimi niitwe fundi. Nikamimina poda ndani ya vile viatu kwa moyo mkunjufu, juu ya soli, chini ya soli, kila kona. Jumapili akapita katikati ya kanisa kimya kabisa, bila hata nyii moja. Nyuma yake zikabaki nyayo nyeupe kutoka mlangoni mpaka mbele. Poda ilikuwa inatoka kwenye kila mshono. Watoto waliinuka kuona kama ni malaika. Nilikuwa nimeketi na kwaya, nikatamani ardhi ipasuke inimeze. Mzee Bukuru alipoambiwa alicheka mpaka akafungua kile kifungo cha shingoni, jambo ambalo sikuwahi kuliona kabla wala baada ya hapo.

Lakini msidhani tangu zamani watu walichukia viatu vinavyolia. Mzee Bukuru aliniambia kulikuwa na wakati kiatu kinacholia kilikuwa sifa. Mtu akishuka treni ya Tabora na kiatu kinachosema nyii nyii, wote wanajua ni kipya, ni cha ngozi, na mwenyewe ametoka mbali. Mabwana harusi walikuwa wanamfuata fundi kwa siri: "Mzee, hebu nitilie sauti." Yeye alijua kuitia. Unachonga kipande chembamba cha ngozi kavu, iliyokomaa, unakilaza kati ya soli ya ndani na ya nje, unakigundisha upande mmoja tu. Ule upande wa pili unabaki huru, ndio unaosema. Ukikata kipana sauti inakuwa nzito, ukikata chembamba inakuwa nyembamba. Kulikuwa na wanaume waliochagua sauti kama wanavyochagua nyie milio ya simu.

Alinifundisha na hiyo. Nikamlalamikia, "Mzee, sasa hii ya nini? Siku hizi watu wote wanakuja tuvinyamazishe viatu." Akasema, "Weka kichwani tu, mwananje. Ujuzi hauli, haunywi, haukuombi nauli." Nikaweka, kwa kumheshimu yeye. Kusema kweli niliona ananijazia kichwa.

Sasa niwaambie habari ya Kabula, maana ndiyo iliyonifanya nimwone Mzee Bukuru kuwa fundi kuliko mafundi wote niliowahi kukaa nao.

Kabula alikuwa binti wa Masanja, Msukuma mfugaji aliyehamia Kasokola na ng'ombe zake. Mtoto alizaliwa mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake. Baba yake alimleta kwa baiskeli, amemkalisha nyuma juu ya mto, na Mzee Bukuru akamtengenezea kiatu cha kuuinua ule mguu. Alikata vipande vya kandambili, akavipanga kimoja juu ya kingine mpaka kimo kikatosha, chini akaweka mpira wa tairi kama ule wa katambuga. Kilikuwa kiatu kizuri. Mtoto alisimama sawa kwa mara ya kwanza, akatuangalia sote kana kwamba sisi ndio tumepungua urefu.

Kufika msimu wa mvua, kiatu kikaanza kulia. Haikuwa sauti ndogo. Masanja alirudi naye, safari hii mtoto kajikunyata nyuma ya baba yake.

"Mwangaluka, wazee," Masanja akasalimia. "Nimekwama. Huyu amekataa shule."

"Kwa nini, mama?" Mzee Bukuru akamuuliza mtoto.

Baba yake ndiye aliyejibu. "Wanamwita Baiskeli. Akitokea tu kule njiani wanaimba, Baiskeli hiyoo inakuja! Hata kombolela hawezi kujificha, wanamsikia. Sasa kasema haendi tena mpaka mguu wake ukue. Mimi nitamwambia nini, mzee? Mguu hautakua."

Baiskeli. Roho iliniuma. Na jambo la kuchekesha, kama mtu angekuwa na moyo wa kucheka siku ile, ni kwamba baiskeli ya Masanja mwenyewe ilikuwa haitoi sauti hata kidogo, jinsi alivyoipaka grisi.

Tukakipitisha kiatu kwenye ubao. Genda. Garuka. Mzee Bukuru hakuhitaji kufumba macho. Vile vipande vya kandambili vilikuwa vimeachiana na kusuguana, kila kimoja na sauti yake. Alipokifungua, harufu ikatupiga.

"Masanja," akasema polepole, "umeweka nini humu?"

Masanja akainamisha kichwa. "Samli."

Nyie mnacheka. Lakini jiwekeni kwake. Yeye ni mfugaji. Kwake kitu kikikauka kinapakwa samli: ngozi inapakwa samli, kamba inapakwa samli, mtoto mwenye mba anapakwa samli. Alipomwona binti yake analia kwa sababu kiatu kinalia, alichukua kilicho bora nyumbani kwake akakimimina humo. Na siku ya kwanza kilinyamaza! Siku ya pili mbwa wa njia nzima walimsindikiza mtoto shuleni. Walikaa nje ya dirisha la darasa, ndimi nje, wanamsubiri. Na samli ile ikala gundi, vipande vikaachiana zaidi, kelele ikarudi na nguvu mpya. Kwa hiyo sasa ilikuwa baiskeli yenye mbwa.

Mzee Bukuru alikuwa anaweza kusema kosa ni la Masanja. Mimi ningesema, tena kwa sauti. Yeye alikigeuza kile kiatu, akasema, "Kiatu hiki nilikitengeneza mimi. Kinamwonea mtoto. Niachie." Halafu akachukua kisu na kukikata, kazi yake mwenyewe aliyoisifia wiki nzima, akaitupa vipande vipande kwenye pipa la takataka. Nimeona mafundi wengi wakitetea kazi zao mpaka povu linawatoka. Sijaona mwingine anayemwamini mteja namna ile.

Akamwambia Kabula, "Mama, hutarudi shule na kelele. Lakini utarudi. Tumekubaliana?" Mtoto akatikisa kichwa tu, wala hatukujua ni ndiyo au hapana.

Tukahangaika. Tulipanga vipande vipya, tukashona kuzunguka, kwenye ubao vikanyamaza. Tukavilowesha makusudi, maana Kasokola mtoto anapita kando ya majaruba ya mpunga, umande na tope kila asubuhi, na vikalia tena. Tukapaka nta kila kipande, vikateleza na kiatu kikapinda. Masanja alikuwa anakuja kuuliza, anaondoka mikono mitupu, na kila akija peke yake tulijua mtoto bado yuko nyumbani. Wenzake walikuwa wanaendelea na masomo. Mwalimu wao alikuwa ameshatuma ujumbe kwamba akichelewa zaidi atarudia mwaka. Mimi nilianza kuona hakuna njia. Vipande vikiwa vingi lazima visuguane, na bila vipande vingi kimo hakipatikani.

Basi asubuhi moja wakashusha magunia ya dagaa sokoni, ya kutoka ziwani, na gunia mojawapo limefungwa kwa kamba ya nyavu kuukuu. Kwenye ile kamba kulikuwa na boya dogo, lile la kuelea, jepesi, laini kidogo. Mzee Bukuru alikuwa anapita na kikombe cha uji. Akasimama. Akaliminya kwa kidole gumba. Akaliweka sikioni akalikunja, kama mtu anayesikiliza redio yenye betri chakavu. Akaniita, "Sabina! Sikia."

Nikasikiliza. "Sisikii kitu, mzee."

"Ndiyo," akasema. Macho yalikuwa yanamwaka.

Lile boya lilikuwa dogo mno. Alimuuliza mwenye dagaa makubwa yanapatikana wapi, akaambiwa Kapalamsenga. Nikadhani ataagiza. Kumbe wapi! Aliniachia kibanda, akadandia lori lililokuwa linarudi ziwani, na barabara ile ya wakati wa mvua sina haja ya kuwaeleza. Alirudi ananuka samaki, suruali tope mpaka magotini, kifungo cha shingoni kimefungwa, na amekumbatia boya kubwa kama mtu aliyebeba mtoto wa mwenzake.

"Unajua nimekuta nini huko?" akaniambia, anacheka peke yake. "Wavuvi wanaokota kandambili mbovu, wanazikata kuwa maboya! Wameniona nalitaka boya nikalifanye kiatu, wamesema huyu mzee jua limempiga."

Akalichonga kwa kisu kilichopashwa moto, taratibu, anapuliza, anapima, anachonga tena. Kipande kimoja tu, kutoka kisigino mpaka vidoleni, kimo kile kile. Hakuna tabaka, hakuna cha kumsugua mwenzake. Akakivika ngozi, chini akashona mpira mwembamba kwa uzi uliopitishwa kwenye nta, maana uzi mkavu nao una midomo yake. Kisha akakitumbukiza kizima kwenye ndoo ya maji, akakitoa, akakikunja. Kimya.

Kabula alipoletwa hakutaka kupanda ubao. Alikuwa ameshapanda siku ile ya samli na ubao ule ulimwumbua. Mzee Bukuru akashuka kwenye kigoda, akapiga magoti pale chini, akamfunga kamba za kiatu mwenyewe.

"Genda, mama."

Akaenda. Alitembea amekunja uso, anasubiri ile sauti. Haikuja. Akafika mwisho wa ubao.

"Garuka," Mzee Bukuru akasema.

Hakurudi. Aliruka kutoka ubaoni, akaendelea kwenye vumbi, akapita wauza nyanya, akapita wauza mitumba, akapotea. Masanja alikuwa amegeukia upande mwingine, ameinama, anasikiliza kwa makini, anasubiri. "Bado hajatembea?" akatuuliza. Sisi tulikuwa tumeshamwona mtoto akizunguka kwa nyuma, ananyata, mkono mdomoni. Alifika mgongoni kwa baba yake akapiga ukelele, "Kombolela!"

Masanja alishtuka akaangusha baiskeli. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake yule binti kumvizia mtu. Alimwinua juu, wakawa wanacheka wote wawili, na Mzee Bukuru alikuwa bado amepiga magoti pale chini, anafuta macho kwa mkono wenye gundi. Ikabidi nimsaidie kufungua kope moja kwa mafuta ya nazi. Jumatatu Kabula alikuwa darasani.

Mguu ulivyokua, kiatu kilibadilishwa, na kila mara boya jipya lilitoka ziwani. Wavuvi walishazoea. Walikuwa wanaliweka pembeni wenyewe, wanasema hili la yule binti.

Mzee Bukuru alizeeka, na kile nilichokihusudu kwake ndicho kilichotangulia kuondoka. Masikio yaliziba. Nililia nilipogundua, kwa sababu alikuwa anaitikia maneno ambayo sijasema. Nikadhani basi, ubao sasa ni wangu. Mteja akapanda, na mimi nikafumba macho kama alivyonifundisha. Nilipofumbua nilimkuta Mzee Bukuru ameinama, amelaza kiganja chake juu ya ubao. Mteja akageuka mwisho wa ubao, na yeye akanionyesha kwa kidole mahali pale pale nilipokuwa nimepasikia. Kumbe alikuwa anasikia kwa mkono. Mpaka alipotutoka aliendelea hivyo, na sikumwona akikosea.

Mimi nilishika kibanda baada yake, hadi macho nayo yakaanza kunisaliti. Sindano moja naiona mbili, na ile nisiyoiona ndiyo inayonitoboa. Nikaacha. Ule ubao wa mninga nilikuja nao nyumbani, uko hapa barazani.

Mwaka huu, mvua zilipokuwa zinakwisha, akaja mwanamke amevaa vizuri, begi begani, anatembea bila kishindo. Sikumsikia mpaka aliponishika bega. "Kombolela, bibi," akasema.

Kabula ni mwalimu sasa. Anafundisha watoto wadogo. Tulikumbatiana, tukazungumza ya baba yake na ng'ombe zake, kisha akavua kile kiatu cha boya, akakiweka mapajani mwangu.

"Bibi Sabina, nitilie sauti."

Nikadhani nimesikia vibaya. "Mwanangu, unajua tulivyohangaika kuitoa?"

"Najua. Lakini nikiingia darasani nawakuta katikati ya michezo yao, wanashtuka. Kuna mmoja aliangusha uji wake kwa hofu. Wananiogopa kwa sababu hawanisikii. Mimi nataka wanisikie nikiwa bado kule nje, wajipange, wafute midomo, wakae."

"Na wakikuita Baiskeli?"

Alicheka. "Waache waite, bibi. Safari hii kengele nimeishika mimi."

Nikamtuma mjukuu wa jirani alete nyembe na kipande cha ngozi kavu. Kabula alinitungia uzi kwenye sindano, mimi nikachonga kwa kupapasa, chembamba, nikakilaza ndani, nikakigundisha upande mmoja tu. Wakati wote nilikuwa namsikia Mzee Bukuru akisema hauli, haunywi, haukuombi nauli. Tulisubiri gundi ishike, tukanywa chai. Kisha nikalaza kiganja juu ya ubao.

"Genda, mama," nikamwambia.

Nyii, ikasema chini ya mkono wangu. Nyii. Nilitafuta kwa kiganja, mahali pote, nani anaonewa humo ndani, kama nilivyofundishwa. Sikumpata.

"Garuka," nikasema, na safari hii akarudi.